Mtoto wa poti na safari ya basi: maswali na majibu

Wa kwangu ana miaka miwili na nusu, ameacha nepi mchana wiki tatu tu zilizopita. Juni tunatoka Mbeya kwenda Iringa, kisha Dar. Nimrudishe kwenye nepi?

Ndani ya basi mvalishe, wala usijione umeshindwa. Mtoto wa umri huo akisema "mama, kojo" ujue mkojo uko mlangoni, na kwenye mteremko wa Kitonga dereva hana pa kusimama. Ila nepi iwe akiba. Mkifika Makambako au Ruaha Mbuyuni mshushe ajaribu, hata akikataa kwamba hajabanwa.

Beba poti yake ileile ya nyumbani. Basi likisimama abiria wachimbe dawa, mkalishe upande usio na magari, umzungushie kanga. Akipata choo, funga kwenye mfuko mkakimwage chooni mbele ya safari. Watu husema kinyesi cha mtoto hakina neno. Kina vijidudu vya kuhara kama cha mtu mzima. Chupa ya maji na kipande cha sabuni visikae kwenye buti.

Nisimpe maji ili asikojoe njiani?

Mpe, kidogo kidogo. Ukimnyima, mkojo unakuwa mkali na choo kinakauka. Soda ndiyo ya kuacha.

Tuko kwa bibi yake Njombe. Choo cha shimo anakiogopa, siku ya nne leo hajapata haja kubwa.

Hofu yake ina maana: lile tundu kwake ni shimo la kutumbukia, na lina giza. Usimshike kwa nguvu. Choo kinachozuiwa hukauka tumboni, kikitoka kinamuuma, naye kesho anazuia zaidi. Hapo ndipo watoto wengi waliokwisha kuzoea poti wanaporudi nyuma.

Weka poti ndani. Dakika ishirini hivi baada ya uji wa asubuhi utumbo huamka wenyewe. Mkalishe wakati huo, nyayo zikanyage chini. Au mwachie bibi: anyooshe miguu, mjukuu akalie nyayo zake, kama alivyowalea ninyi. Papai, parachichi na maharage vitasaidia.

Angalia na chupi. Ikichafuka majimaji kidogo kidogo, huenda si kuhara, ni choo laini kinachopenya pembeni mwa kigumu kilichoziba, kwa hiyo usikimbilie dawa ya kufunga tumbo. Tumbo likivimba, akitapika au ukiona damu, mpeleke kituo cha afya.

Na baridi hii?

Baridi huongeza mkojo, na mtoto wa masweta matatu hawahi kuvua. Suruali ya lastiki, basi. Ovaroli ibaki Mbeya. Usiku mvalishe nepi bila aibu, kwani wapo wanaokojoa kitandani hadi miaka mitano na ni wazima.

Tangu jana analia akikojoa, na yanatoka matone tu.

Huyo msisubiri mpaka mrudi. Mkojo upimwe leo, hasa kama ana homa.