"Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba": je, Biblia inasema hivyo?

Ujumbe huu huzunguka kwenye magrupu kila mtu anapofiwa au kuugua: Biblia imeahidi kwamba Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, kwa hiyo futa machozi, furahi.

Biblia haina ahadi hiyo. Kinachokumbukwa nusunusu ni 1 Wakorintho 10:13. Anza kusoma mstari wa 6, utaona habari yenyewe ni vishawishi vya dhambi: ibada ya sanamu, uasherati, manung'uniko. Msiba hautajwi. Halafu fungua 2 Wakorintho 1:8-9. Mwandishi, Paulo, anakiri kwamba yeye na wenzake walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi, na hapo ndipo walipojifunza kumtegemea Mungu. (Waislamu wanayo kauli inayokaribiana, Qurani 2:286, na huenda hilo huongeza mkanganyiko.)

Na furaha? Habakuki 3:16-18 inaeleza mtu ambaye mwili unamtetemeka, mashamba hayatoi chakula, zizi halina ng'ombe, na bado anasema atamfurahia Bwana. Hofu yake haikufutwa kwanza. Zaburi ya 88 nayo inaishia gizani kabisa, na bado ni sala.

Wanaotuma ujumbe huu wana nia njema, sina shaka. Ila kwa aliyezidiwa, unasikika kama lawama: mbona wewe umeshindwa? Ukiupokea, usiusambaze. Mpigie simu mfiwa, au mtumie Habakuki na mstari wa 16 ukiwemo.