Kwa nini mbawakawa anayerusha maji ya moto haungui mwenyewe?

Tulikuwa ukingoni mwa bwawa la Hombolo, mpwa wangu akapindua jiwe kutafuta chambo. Chini yake palikuwa na mdudu mweusi mwenye mabaka ya njano, urefu kama sentimita 2. Akamshika. Tukasikia "pa!", kamoshi kakafuka, na kijana akamtupa huku akipuliza vidole.

"Mjomba, kameniunguza!"

Tulisugua kwa sabuni, lakini doa la kahawia lilikaa siku kadhaa, utadhani kapakwa hina.

Kijana alisema kweli tupu: aliungua. Usimchanganye mdudu huyu na yule mwembamba mwekundu na mweusi anayetuachia malengelenge shingoni wakati wa mvua. Yule harushi kitu. Sumu imo mwilini mwake, na inakupata ukimponda. Wa Hombolo ni mbawakawa mpiga mizinga, na jamii yake duniani ina spishi zaidi ya 500.

Tumboni, upande wa nyuma, ana mitambo miwili pacha, kila mmoja na vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni ghala. Humo kuna kemikali mbili, haidrojeni peroksaidi na haidrokwinoni, zimechanganyika na zimetulia, hazidhuriani. Haidrojeni peroksaidi unaijua: ni ile dawa ya kusafishia kidonda, ukiimimina tu linaumuka povu jeupe. Povu hilo huletwa na kimeng'enya, yaani kichocheo cha kemikali, kilichomo katika damu na nyama yako, kinachoivunja dawa ikawa maji na oksijeni. Ya duka la dawa kwa kawaida ni asilimia 3. Ya mdudu huyu ni kama asilimia 25.

Chumba cha pili ni kidogo, kina kuta ngumu, na ndani kuna vimeng'enya vya aina hiyohiyo. Mbawakawa akibanwa, misuli inakamua ghala, tone linaingia chumba cha pili, na hapo ndipo moto unapowaka. Oksijeni inafumuka, joto linapanda hadi nyuzi 100, na haidrokwinoni inageuka benzokwinoni, kemikali kali inayowasha macho na kutia ngozi doa. Hiyo ndiyo hina ya mpwa wangu.

Sasa, mbona yeye mwenyewe hachemki? Kuta ngumu zinasaidia, lakini siri kubwa ni kwamba harushi yote kwa mkupuo. Sikio lako linasikia "pa!" moja, kumbe ni mfululizo wa milipuko midogo, kama injini ya bodaboda. Mwaka 1990 Thomas Eisner wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, pamoja na wenzake waliwapima mbawakawa waliotoka Kenya, wakakuta milipuko kati ya 300 na zaidi ya 700 kwa sekunde moja. Mwaka 2015 watafiti wengine wa Marekani waliwapiga picha za eksirei wakiwa hai, wakaona jinsi inavyokwenda: mlipuko wenyewe unaisukuma vali ikajifunga, presha ikishuka vali inaachia, na tone jingine la baridi linaingia na kupoza chumba. Hakuna msuli wa kufungua na kufunga kila mara. Msuli ungeiweza wapi kasi hiyo?

Shabaha yake nayo si ya kubahatisha. Ncha ya tumbo inageuka kila upande, hata siafu akimng'ata mguu wa mbele anapigwa palepale.

Chura anayemmeza mzimamzima bado hajashinda. Japani, mwaka 2018, watafiti waliwalisha vyura mbawakawa wa jamii hii. Milipuko ilisikika tumboni, na asilimia 43 ya vyura wakawatapika, mmoja baada ya dakika 107. Waliotapikwa wote walitoka hai.

Kwenye nyika kavu utamkuta jamaa yake mkubwa, mweusi mwenye madoa meupe, mwenye mbio. Huyo hana mtambo wa joto. Anarusha asidi ya fomiki, ileile ya sisimizi, ila kwa wingi wa kutisha. Usimsogezee uso.

Yule wa Hombolo alijikusanya, akarudi taratibu chini ya jiwe lake. Mpwa wangu siku hiyo alivua kwa minyoo.