Saa moja ya kuzuia moto si ya bodi ya jipsamu peke yake

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi Kampala, ukiuliza bodi ya jipsamu ya kuzuia moto, ile ya kuta na dari, huenda ukaambiwa: chukua hii, inahimili moto saa moja. Imani hiyo ni ya siku nyingi, lakini si sahihi.

Saa hiyo moja hupewa ukuta mzima au dari nzima: bodi, fremu, skrubu na nafasi kati yake, maungio yaliyozibwa. Vyote hujengwa pamoja, kisha huwekwa kwenye tanuri la majaribio. Kwa kipimo cha Marekani cha ASTM E119, joto la tanuri hufika takriban sentigredi 927 katika dakika 60. Ukuta hufeli moto ukipenya, au joto la upande wa pili likipanda kwa wastani wa sentigredi 139, hata kama hakuna mwali ulioonekana.

Jipsamu yenyewe inasaidia kweli. Karibu asilimia 21 ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani, na moto hutumia nguvu nyingi kuyageuza mvuke. Yakiisha, bodi ya kawaida husinyaa na kupasuka. Ile ya kuzuia moto hushikiliwa na nyuzi za kioo.

Sasa fundi akiipiga upande mmoja tu, au akitoboa dari ili kuweka taa na kuacha mianya, ile saa haipo tena. Vilevile ukuta unaoishia kwenye dari, bila kufika paa la mabati, huacha moto upite juu kwa juu hadi chumba cha jirani. Mwombe muuzaji karatasi ya majaribio ya mfumo mzima, na fundi aifuate hadi skrubu ya mwisho.