Kwa nini mashabiki wa Mass Effect bado wanabishana juu ya matundu ya hadithi yake?

Mwaka 2012, muda mfupi baada ya mchezo wa video wa Mass Effect 3 kutoka, mashabiki walichanga fedha wakawapelekea watengenezaji wake, studio ya BioWare iliyoko Edmonton, Kanada, keki ndogo zipatazo 400. Nyingine zilipakwa nyekundu, nyingine buluu, nyingine kijani. Ukizionja, zote zilikuwa na ladha ileile ya vanila. Aliyeufikisha mchezo mwisho hakuhitaji kuelezwa maana yake. Pale mwishoni mchezaji huchagua njia moja kati ya tatu, na kila njia ilionekana kuishia kwenye mlipuko uleule, rangi tu ndiyo iliyobadilika.

Hasira za namna hiyo kwa kawaida hupoa baada ya wiki chache. Hizi hazikupoa. Zaidi ya miaka kumi imepita na watu bado wanashindana kwa hoja na ushahidi juu ya matundu ya hadithi ile, yaani zile sehemu ambazo hadithi inajipinga yenyewe. Kinachowashikilia ni nini? Nimeufuata ubishi huu kwa muda mrefu na kwa mapenzi, na naona jibu lake linafika mbali kuliko mchezo mmoja. Kama hujaucheza na unapanga kuucheza, jua kwamba mbele nimefichua kila kitu.

Mass Effect ni hadithi moja iliyogawanywa katika michezo mitatu ya miaka ya 2007, 2010 na 2012. Mchezaji anakuwa Kamanda Shepard, mwanajeshi wa anga anayegundua kwamba kila baada ya miaka 50,000 mashine kubwa ziitwazo Reaper hutoka kwenye giza la nje ya galaksi yetu, huvuna viumbe wote walioendelea, kisha hutoweka. Zamu yetu imefika. Jambo lililoufanya mfululizo huu upendwe sana ni kwamba maamuzi ya mchezaji huhamishwa kutoka mchezo mmoja hadi mwingine. Rafiki uliyemwacha afe mwaka 2007 hatakuwepo mwaka 2012.

Mtu asiyejua anaweza kudhani mashabiki wanalalamikia sayansi. La hasha. Ulimwengu mzima wa Mass Effect umejengwa juu ya elementi sifuri, madini ambayo yakipitishiwa umeme hupunguza au kuongeza uzito wa kitu, na ndiyo maana vyombo vinaweza kusafiri kwa kasi kuliko mwanga. Madini hayo hayapo, na sijapata kukutana na mchezaji aliyeyalalamikia. Sisi tuliokua na ngano tunalijua hili tangu utotoni: msimulizi anapoita, tunaitikia hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Msikilizaji ameukubali uongo kabla haujaanza. Anachokikataa ni uongo wa pili unaokuja kuua ule wa kwanza.

Tazama mfano uliowasha moto. Galaksi ya Mass Effect imeunganishwa na mitambo mikubwa mno inayorusha vyombo kutoka kona moja ya anga hadi nyingine kwa kufumba na kufumbua. Mwaka 2011, katika sura ya nyongeza ya mchezo wa pili iitwayo Arrival, Shepard analazimika kuuvunja mtambo mmoja kwa kuugonga na asteroidi. Mlipuko unafuta mfumo mzima wa jua lile, pamoja na wakazi zaidi ya 300,000. Ni jambo zito. Mchezo wa tatu unaanza huku Shepard akiwa kizuizini kwa sababu hiyo. Halafu inafika saa ya mwisho ya mchezo huohuo wa tatu, na mitambo yote ya galaksi inalipuka. Mashabiki waliuliza swali ambalo mtoto angeliuliza: basi si tumewaua wote tuliokuja kuwaokoa?

Wengine walitetea kwamba nguvu za mitambo zilikuwa zimeshatumika kusambaza kote mwale wa mwisho, ule unaoachiliwa na chaguo la mchezaji, kwa hiyo mlipuko haukuwa wa aina moja na ule wa asteroidi. Hoja nzuri, ila hadithi yenyewe haikuisema. Tundu lingine lilikuwa la aibu zaidi. Katika vita vya mwisho mjini London, wenzake wawili wa Shepard wanakimbia naye kuelekea adui. Dakika chache baadaye chombo chao, Normandy, kinaonekana kikitoroka mlipuko mbali kabisa na Dunia, kinaanguka kwenye sayari yenye msitu, na anayetoka mlangoni anaweza kuwa yuleyule mwenzako aliyekuwa ubavuni mwako London. Alifikaje? Na kwa nini rubani Joker, mtiifu kuliko wote, alikimbia vita?

Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba Machi 21, 2012, Ray Muzyka, mmoja wa waanzilishi wa BioWare, aliwaandikia wachezaji barua ya wazi. Mashabiki nao hawakuishia kulalamika. Kampeni yao ilichangisha zaidi ya dola 80,000 kwa shirika la Child's Play linalopeleka vitu vya kuchezea kwenye hospitali za watoto. Juni 26 mwaka huohuo studio ilitoa bure nyongeza iitwayo Extended Cut. Humo Normandy inashuka London kuwachukua majeruhi. Mitambo inaharibika badala ya kulipuka kabisa. Ikaongezwa pia njia ya nne, ya kukataa chaguo zote tatu, na anayeichukua anaona kizazi chetu kikivunwa na kazi kuachiwa kizazi kijacho.

Kwa maoni yangu, nyongeza ile iliziba matundu yaliyokuwa rahisi kuzibika. Tundu kubwa kuliko yote ilibaki nalo, na ajabu ni kwamba halikupigiwa kelele kama yale mengine.

Rudi kwenye mchezo wa kwanza. Makao makuu ya galaksi ni kituo cha anga kiitwacho Citadel, ambacho kwa siri ni mlango wa kuwaingiza Reaper. Kila mzunguko, Reaper mmoja anayebaki nyuma hutuma ishara, na viumbe watunzaji waishio ndani ya Citadel huufungua mlango. Safari hii mlango umegoma. Wanasayansi wachache wa jamii ya Prothean, walionusurika mavuno yaliyopita, waliwabadili watunzaji wasiitikie tena ile ishara. Ndiyo maana Reaper aitwaye Sovereign anamnasa jasusi Saren na kuvamia Citadel kwa jeshi, ili mlango ufunguliwe kwa mkono. Hadithi nzima ya mwaka 2007 imesimama juu ya nguzo hiyo moja: Reaper hawana mtu wao ndani.

Sasa njoo mwaka 2012. Katika dakika za mwisho anatokea Catalyst, akili unde yenye sura ya mtoto, anayemwambia Shepard kwamba yeye ndiye anayewaongoza Reaper na kwamba Citadel ni sehemu yake. Kumbe mtu wao alikuwa ndani muda wote! Kama ni hivyo, Sovereign alihangaika na Saren kwa nini? Kwa nini mwenye nyumba hakujifungulia mlango? Agosti 2012 ilitoka nyongeza nyingine, Leviathan, iliyosimulia jinsi akili ile ilivyoundwa na viumbe wa kale na ikawageuka walioiunda. Nyongeza yenyewe ni tamu, lakini mlango wa Citadel haikuugusa. Mashabiki wanajibu kwa niaba ya waandishi kwamba Catalyst hakuwa na mikono, watunzaji ndio waliokuwa mikono yake, na walipoharibiwa akabaki akitazama tu. Jibu hilo nalipenda. Bado ni jibu la mashabiki, na hadithi ikitegemea msomaji aiokoe kwenye nguzo yake kuu, waandishi wameiangusha.

Matundu kama hayo hutokeaje kwa watu hodari? Sababu moja ni muda na mikono mingi. Mwandishi mkuu wa mchezo wa kwanza alikuwa Drew Karpyshyn. Wa pili aliuandika pamoja na Mac Walters. Wa tatu ukaongozwa na Walters peke yake. Katika mchezo wa pili kuna sayari ya Haestrom ambayo jua lake linazeeka haraka kupita kiasi kwa sababu ya nishati ya giza. Baadaye Karpyshyn alieleza kwamba liliwahi kuwepo wazo la kuifanya nishati hiyo iwe sababu ya Reaper kuwepo. Wazo likaachwa. Jua la Haestrom likabaki linazeeka bila yeyote kuuliza tena.

Sababu nyingine ni kwamba mchezo una sheria zake za kuchezeka. Mwaka 2007 bunduki za Mass Effect hazikuishiwa risasi, zilipata joto tu. Mwaka 2010 wabunifu walitaka mapigano yenye presha, wakaleta vyombo vya kupozea joto ambavyo mchezaji lazima avikusanye, wakaeleza kwamba ni teknolojia mpya iliyoenea katika miaka miwili Shepard alipokuwa hayupo. Sawa. Lakini humohumo kuna sayari ambako meli ilianguka miaka kumi nyuma na watu wake hawajaonana na mtu yeyote, na bado vifaa hivyo vipya vimetapakaa kila mahali, kwa sababu bila hivyo mchezaji angekwama.

Sababu ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi, na ndiyo inayofanya ubishi huu usiishe. Katika mchezo wenye maamuzi, tundu linaweza kuwepo kwenye hadithi yangu na lisiwepo kwenye yako.

Chukua suala la chakula. Jamii za turian na quarian zina miili iliyojengwa kwa asidi za amino zenye umbo la kinyume na zetu, hivyo chakula cha binadamu hakiwalishi. Mitambo ikiharibika, majeshi yao yanakwama karibu na Dunia. Je, watakufa njaa? Kuna waliojibu kwamba quarian walikuja vitani na meli zao kubwa za kilimo, zilizofungwa mizinga, na meli hizo zinaweza kulisha jamii zote mbili. Jibu zuri kabisa, ila linawafaa tu wachezaji waliowaokoa quarian. Kama katika mchezo wako quarian waliangamia kwenye vita vya Rannoch, sayari yao ya asili, meli hizo hazipo, na turian wako wana taabu.

Na hoja ya Catalyst nayo iko vivyo hivyo. Anadai kwamba viumbe hai wakiunda mashine zenye akili, mashine zitawaasi tu, kwa hiyo ni heri Reaper wavune kabla hawajafutwa wote. Mchezaji aliyewapatanisha quarian na roboti zao za geth baada ya karne tatu za uadui anasikia upuuzi, kwa sababu ushahidi wa kinyume ameuunda kwa jasho lake, na hapewi hata nafasi ya kuutaja. Lakini aliyeshindwa kuwapatanisha, akawaona geth wakiwamaliza waliowaumba, anasikia mashine ikisema kweli. Wakikaa hawa wawili kubishana, kila mmoja anasema kweli juu ya hadithi aliyoiishi. Riwaya haiwezi kuwafanyia hivi wasomaji wake, maana wote wamesoma kurasa zilezile.

Hapo pia ndipo uchungu unapotoka. Kabla ya mchezo kutoka, mkuu wa mradi, Casey Hudson, alikuwa amewaambia waandishi wa habari kwamba hautakuwa na miisho ya kawaida ya kuhesabika A, B na C. Watu waliotumia miaka mitano kujenga maamuzi yao walijiona ni washirika katika hadithi, na mshirika akiona hesabu hazikubaliani hanyamazi.

Kutoka kwenye uchungu huo kilizaliwa kitu kizuri mno, nadharia inayosema kwamba mwisho wote unatokea kichwani mwa Shepard. Reaper wana uwezo wa kuteka akili polepole. Maelezo ya mchezo wenyewe yanataja kelele masikioni, hisia ya kutazamwa na kuona mazuka. Mashabiki wakaanza kukusanya ushahidi. Mtoto anayemtokea Shepard mwanzoni haonekani kusemeshwa na mtu mwingine yeyote. Ndoto zake zimejaa vivuli na minong'ono. Baada ya Shepard kuangushwa London, bastola yake haiishiwi risasi. Anderson, mkuu wa zamani wa Shepard, anapigwa risasi tumboni, na baadaye anayevuja damu mahali palepale ni Shepard. Ni njia moja tu, ya kuwaangamiza Reaper, ambayo ukiwa umejiandaa vya kutosha inakuonyesha mtu aliyevaa deraya ya Shepard akivuta pumzi chini ya kifusi. Kila tundu liligeuka kuwa dalili.

Mwaka 2021 mmoja wa waandishi wa mchezo alisema wazi kwamba nadharia ile ni kazi ya mashabiki wenyewe. Nakubali, na ushahidi wake mwingine naona ni bahati tu. Lakini inafunga hadithi vizuri kuliko mwisho wa awali ulivyofunga, na hilo si jambo dogo kwa watu waliokuwa wakiandika bila malipo. Watengenezaji nao walitaka kitu kama hicho: kumbukumbu zilizotolewa mwaka 2012 kuhusu utengenezaji wa mchezo zilionyesha karatasi ya mwandiko wa mkono yenye kusudio kwamba mwisho uwaachie watu wote mengi ya kubashiri. Walipata ubashiri mwingi kuliko walivyotarajia.

Studio yenyewe bado haijatoka kwenye mtego ule. Mass Effect: Andromeda ya mwaka 2017 iliukwepa kwa kuwapeleka wahusika galaksi nyingine, katika meli zilizoondoka kabla vita vya mchezo wa tatu havijaanza. Mchezo unaotayarishwa sasa hauwezi kukwepa: kionjo chake cha Desemba 2020 kilimwonyesha Liara, rafiki wa Shepard, akiokota barafuni kipande cha deraya chenye alama ya N7, ile aliyoivaa Shepard. Liara ni wa baada ya vita, kwa hiyo waandishi watalazimika kusema ni mwisho upi uliotokea kweli. Njia ya kijani iliunganisha kila kiumbe na mashine, na ikiwa ndiyo ya kweli, ngozi ya Liara ingepaswa kung'aa. Haikung'aa, na mashabiki wamekwisha liona hilo.