Haski hafai kulinda geti, na si kosa lake

Wiki hii, kwenye kliniki ninapotibu wanyama hapa Minnesota, nimeletewa haski, mbwa wa asili ya Siberia, dume wa miaka miwili. Mwenye mbwa kaja na malalamiko: mbwa karuka uzio mara ya tatu, na mgeni akibisha hodi anamkimbilia kumlamba mikono. Anataka kujua mbwa ana ugonjwa gani. Hana ugonjwa. Nilipomchoma sindano alilia kama anachinjwa, lakini meno hakuyatoa.

Mbwa wa aina hii alilelewa na Wachukchi wa kaskazini-mashariki mwa Siberia, wakamzalisha avute sleji, yaani chombo cha kuteleza juu ya theluji, yenye mzigo mwepesi kwa safari ndefu, huku akila kidogo. Wanafungwa wengi kwenye kamba moja, kwa hiyo mgomvi mmoja anaharibu safari nzima. Mkali hakuwa na nafasi. Ulinzi hakufundishwa kamwe.

Na ubishi wake wa kutotii amri? Huo ndio ninaoupenda kuliko yote. Mbwa wa mbele anakanyaga barafu kabla ya bwana wake. Ikiwa nyembamba, lazima agome hata akiamriwa aende. Ukimwita haski wako bustanini akakutazama tu, ujue anapima kama amri yako ina maana.

Mbwa hawa walipofikishwa mji wa Nome, Alaska, mwaka 1908, wenyeji waliwaita panya wa Siberia kwa udogo wao. Dume hana zaidi ya kilo 27 hivi. Mwaka 1910 mwendesha sleji John Johnson akashinda nao mbio za kilomita zipatazo 650 kwa saa 74 na dakika kadhaa. Kejeli zikaisha.

Kisha ikaja Januari 1925, dondakoo likawashika watoto wa Nome. Dawa ilitoka Nenana, mji mwingine wa Alaska, kwa sleji, waendeshaji 20 wakipokezana kilomita zaidi ya 1,000, ikafika kwa siku tano na nusu. Sanamu iliyoko New York ni ya Balto, mbwa aliyeongoza kipande cha mwisho. Mimi namtaja kwanza Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, mmoja wa waendeshaji hao. Alikuwa na miaka kama 12, uzee kwa mbwa, na alikimbia zaidi ya kilomita 400 kwenda kuipokea dawa na kuirudisha, akivuka barafu ya ghuba ya Norton kwenye dhoruba.

Nilimpanua mgonjwa wangu manyoya ya mgongoni ili mwenyewe aone: juu marefu na magumu, chini yake sufu nzito mpaka ngozi haionekani. Nikamwomba asimnyoe hata joto likizidi, maana yale ya juu humkinga na jua. Uzio auongeze urefu, na chini azike waya, kwa sababu akishindwa kuruka atachimba. Akitoroka, hata kuku wa jirani wamo hatarini.

Jioni ya juzi mwenye mbwa alinitumia picha. Mbwa kavalishwa mikanda ya kifuani, anavuta tairi kuukuu barabarani, masikio wima, ulimi nje.