Balistiki haimtaji mtu

"Tume ilikuwa ya nini, wakati balistiki ilishamtaja Oswald?" Hayo yalisemwa Jumamosi kijiweni, nyuma ya Soko la Majengo hapa Dodoma, na kijana mwenye akili zake, msomaji, anayefuatilia mambo. Walikuwa wanabishana juu ya Kennedy, rais wa Marekani aliyeuawa Dallas Novemba 22, 1963, juu ya Lee Harvey Oswald aliyekamatwa kwa mauaji hayo, na juu ya tume iliyoundwa kuyachunguza. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, muuza kahawa akagonga vikombe vyake, mazungumzo yakasonga. Mimi nikabaki na lile neno. Nimelisikia hivyo mara nyingi mno. Nililisikia kwenye daladala za Nkuhungu mwaka 2017, siku zile baada ya Tundu Lissu kupigwa risasi pale Area D, Septemba 7, abiria wakisema wanasubiri "balistiki iseme ni nani". Nimefanya ukalimani mahakamani miaka mingi, na huko nilijifunza kwamba neno moja likikaa vibaya, kesi nzima inakaa vibaya.

Maana yake ni fupi. Balistiki ni elimu ya mwendo wa kitu kilichorushwa, na kwa matumizi ya siku hizi ni risasi. Ushahidi wa balistiki mbele ya tume au mahakama ni maoni ya mtaalamu aliyechunguza silaha, maganda yanayobaki baada ya kufyatua, vichwa vya risasi vinavyoruka na matundu, akaeleza vinahusianaje.

Neno lenyewe asili yake ni Kigiriki, kwenye kitenzi chenye maana ya kutupa. Warumi walikuwa na balista, mtambo mkubwa wa kurushia mawe na mishale. Wanaojifunza balistiki huuliza kitu kinaondokaje, kinapitaje hewani, kinafanya nini kikifika. Mtupaji hayumo katika maswali hayo.

Maneno yetu wenyewe nayo yako hivyohivyo. Risasi ni neno la Kiarabu la madini, yale laini, mazito, yaliyomo ndani ya betri ya gari. Kidude cha kuua kikachukua jina la madini yaliyokitengeneza. Bunduki ilianza kuwa jina la kokwa ya kuliwa, ndogo, ya mviringo. Likahamia kwenye vigololi vya kurusha, kisha kwenye silaha inayorusha. Mzinga kila mtu wa Kondoa anaujua: gogo lililotobolewa, linaning'inia mtini na nyuki ndani. Watu walipoona chuma kirefu chenye uwazi kinachotema moto, wakakipa jina la gogo la asali. Madini, kokwa, gogo: msamiati wote huu ni wa vitu.

Jina la mtu linaingilia wapi, basi? Nadhani linaingilia kwenye neno shahidi, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo panaponiuma. Shahidi, kwa asili yake ya Kiarabu, ni aliyehudhuria. Alikuwapo, akaona kwa macho yake. Mtaalamu ametoka kwenye shina lilelile lililotupa mwalimu, ila mwalimu ni anayefundisha, na mtaalamu asili yake ni anayejifunza. Ukiyaweka pamoja, shahidi mtaalamu, umepata maneno mawili yanayovutana: aliyekuwapo, na aliyesoma. Na huyu tunayemzungumzia hakuwapo. Hakusikia mlio, hakumwona mtu akikimbia. Aliletewa ganda ndani ya bahasha.

Sheria inaujua mvutano huo. Kwa kawaida shahidi husimulia alichoona au kusikia, na akianza kusema "mimi nadhani" anasimamishwa. Mtaalamu amefunguliwa dirisha lake peke yake, katika kifungu cha 47 cha Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, na dirisha hilo limeandikwa maoni. Hakimu anaweza kuyapokea maoni hayo, anaweza kuyakataa kwa sababu atakazozieleza. Hayamfungi. Ndiyo maana nilikuwa nikisikia wakili akisema "mtaalamu amethibitisha", mkono unasita kabla mdomo haujatafsiri.

Turudi Dallas, kwa kuwa ndiko kijana alikokwenda. Oswald aliuawa kwa risasi Novemba 24, siku mbili baada ya rais, akiwa mikononi mwa polisi. Kwa hiyo hapakuwa na mshtakiwa wa kusimama kizimbani. Rais Johnson akaunda tume ya watu saba chini ya Jaji Mkuu Earl Warren, na taarifa ikakabidhiwa Septemba 24, 1964. Mtaalamu mkuu wa silaha aliyefika mbele yao alikuwa Robert Frazier wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Alikuwa na miaka 23 katika kazi hiyo, na kwa makadirio yake mwenyewe alishalinganisha risasi na maganda kati ya mara 50,000 na 60,000.

Alisema nini? Alisema maganda matatu yaliyookotwa ghorofa ya sita ya ghala la vitabu lililotazamana na barabara aliyopita rais, kichwa cha risasi kilichokuwa karibu kizima kilichopatikana hospitali ya Parkland alikopelekwa rais, na vipande viwili vikubwa vilivyokuwa ndani ya gari la rais, vyote vilitoka katika bunduki moja: Mannlicher-Carcano ya Kiitalia, milimita 6.5, namba C2766. Hapo ndipo kauli yake kuhusu bunduki ilipoishia. Kutoka bunduki hadi mtu, kazi ilifanywa na wengine. Karatasi za duka la Chicago zilionyesha bunduki ya namba ile iliagizwa kwa posta kwa jina la A. Hidell. Wataalamu wa mwandiko wakasema mkono ulioandika agizo ni wa Oswald. Alama ya kiganja cha Oswald ikaonekana kwenye mtutu, mahali panapofichwa na mbao. Kila mmoja alishika pingili yake ya mnyororo, na kila pingili inaweza kuhojiwa peke yake. Ukisema "balistiki ilimtaja", umezimeza pingili zote kwa mkupuo, na hutajua hata ipi ni dhaifu.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda ofisi ya mtaa kuchukua barua ya utambulisho. Mhuri wao umemegeka kwenye O ya pili ya DODOMA. Duara halifungi, linaacha pengo kama jino lililong'oka. Aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni barua yake ilikuwa na pengo hilohilo. Nikiletewa kesho karatasi yenye O iliyovunjika pale pale, kwa ukubwa uleule, nitasema bila wasiwasi mkubwa kwamba imegongwa kwa mhuri wa ofisi ile. Mtutu wa bunduki nao una michirizi iliyochongwa ndani ili risasi izunguke, na chombo kilichochonga kimeacha mikwaruzo yake. Pini inayogonga kitako cha ganda ina makovu yake. Mtaalamu hupiga risasi za majaribio kwa silaha iliyokamatwa, akaweka ganda la jaribio na la eneo la tukio chini ya hadubini yenye macho mawili, akatazama kama makovu yanafuatana. Lakini mhuri ule unakaa mezani. Mtendaji akitoka kwenda kunywa chai, karatasi hazitasema ni nani aliyeuinua.

Na makovu hayafuatani kila mara. Siku ileile ya Novemba 22 aliuawa pia askari polisi, J. D. Tippit. Bastola aliyokutwa nayo Oswald ilikuwa imebadilishwa ili ipokee risasi nyembamba kidogo kuliko mtutu wake, kwa hiyo kichwa cha risasi kilipita humo kikiyumba, na mikwaruzo haikutulia. Maganda manne yalilingana na bastola ile. Juu ya hilo wataalamu walikubaliana. Juu ya vichwa vinne vilivyotolewa mwilini, wataalamu wa FBI walisema haiwezekani kutamka vimetoka bastola ile na si nyingine. Joseph Nicol, wa ofisi ya utambuzi ya jimbo la Illinois, akavitazama hivyohivyo akasema kimoja kilitoka bastola ile. Wote walikuwa mabingwa, walishika vitu vilevile, wakatofautiana. Hakuna aliyesema uongo. Ndivyo maoni yalivyo.

Kuna pia swali tofauti kabisa linalobeba jina hilohilo: risasi ikiingia mwilini inafanya nini. Frazier aliulizwa "silaha ipi". Wengine, waliofyatua bunduki ileile kwenye nyama ya mbuzi huko Edgewood, Maryland, waliulizwa "jeraha gani". Majibu yao yalitumika kuunga mkono hoja kwamba risasi moja ilipita kwa rais ikampata na Gavana Connally wa Texas aliyekaa mbele yake. Connally mwenyewe, mtu aliyekuwapo, aliyetobolewa, aliiambia tume kwamba alisikia mlio kwanza, akageuka, kisha ndipo akapigwa. Kwa maelezo yake, iliyompata yeye haikuwa risasi ya kwanza. Hapo ndipo maneno yangu mawili yalipokutana uso kwa uso, shahidi na mtaalamu. Tume ilisema ushahidi wa wataalamu unashawishi sana, na ikaandika kwamba maelezo ya gavana yameleta tofauti ya mawazo. Naiheshimu taarifa ile kwa sentensi hiyo, maana haikumnyamazisha aliyekuwapo kwa sababu tu aliyesoma amezungumza.

Maoni huweza pia kuzeeka. Kamati ya Bunge la Marekani iliyorudia uchunguzi miaka ya 1970 ilipokea uchambuzi wa kemikali za madini ya risasi, wa kuonyesha kipande hiki na kile ni vya risasi moja. Ulionekana mgumu kuvunjika. Mwaka 2005 FBI iliacha kabisa kutumia njia ya kulinganisha madini ya risasi kwa namna hiyo, baada ya wanasayansi kuonyesha kwamba hitimisho lake lilikuwa linavuka uwezo wa vipimo.

Kuhusu tume yenyewe sitakaa sana. Kwetu inaundwa na Rais chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32, inapewa hadidu za rejea, inarudisha taarifa. Haimfungi mtu. Mwaka 2006 tume ya Jaji Kipenka Mussa ilichunguza vifo vya wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi. Taarifa yake ilikuwa nzito, askari wakashtakiwa, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikawaachia washtakiwa wote. Miaka saba baadaye Mahakama ya Rufani ikamtia hatiani mmoja. Aliyedhani mambo yaliisha siku tume ilipokabidhi taarifa alisubiri miaka kumi kujua kwamba hayakuwa yameisha.

Kijana wa Majengo nilimsogelea baada ya wengine kuondoka. Aliniamkia, nikaitikia, nikamwambia: mwanangu, hoja yako nzuri, ila badilisha kitenzi. Balistiki haitaji. Sema "mtaalamu alioanisha maganda na bunduki ile". Akafikiri kidogo, akauliza, "Sasa Oswald anaingilia wapi?" Nikamwambia hilo ndilo swali la kuwauliza wale wa mwandiko, wa posta na wa kiganja, na ndiyo kazi ambayo tume ilikuwa nayo.