Pesa ya halmashauri kwa karakana ya baiskeli: mkopo ununue vipuri, mafunzo yatafutiwe fungu lake

Kila dirisha la mikopo ya halmashauri likifunguliwa, simu za mafundi baiskeli huanza kuingia. Swali huwa lilelile: "Kaka, tupo vijana saba hapa stendi, tunataka tuanzishe karakana ya mtaa, halmashauri itatupa?" Nawajibu kwamba inawezekana kabisa. Kazi huanza wakiniletea andiko la mradi. Humo ndani wameweka vipuri, banda la bati, mafunzo ya bure kwa vijana wa mtaani, na ahadi ya kutengeneza baiskeli za wanafunzi bila malipo, na mzigo wote huo umetwishwa mkopo mmoja. Nimekuwa nikiandaa maandiko ya vikundi Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi, na hili ndilo kosa linaloua vikundi vizuri kuliko mengine yote.

Tuanze na mkopo wenyewe. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290 ya sheria za Tanzania, kilichoingizwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa mapato lindwa (yale yaliyokwisha kupangiwa kazi maalumu), kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Aprili 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni kwamba mikopo hiyo inasitishwa, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kuonyesha mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa na vikundi visivyojulikana vilipo. Ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, halmashauri 10 zikianza kwa majaribio ya kupitishia fedha benki.

Nayataja haya kwa sababu yamebadilisha kikao cha kamati. Zamani mjumbe aliuliza kikundi kina watu wangapi na katiba iko wapi. Siku hizi, kabla ya yote, anauliza mtarejesha vipi. Na hana kosa, maana fedha ile ni ushuru wa soko na leseni za wafanyabiashara wa hapohapo wilayani.

Sasa karakana ya baiskeli inarejesha kwa kitu gani? Kwa rafu ya vipuri. Ukikaa na fundi asiye na stoo utaliona hili mapema. Mteja anakuja na tairi namba 28 iliyoisha, tyubu imejaa viraka. Fundi hana tyubu, anamwelekeza duka la mbele. Mteja ananunua kule, anarudi, fundi anafunga na kulipwa ufundi peke yake. Faida imebaki dukani. Angalia pia baiskeli za mizigo zinazobeba mkaa na mpunga: rimu ya nyuma ya zile nzito za kizamani ina spoku 40, ya mbele 32, na gunia likizidi zinazokatika ni za nyuma. Fundi mwenye pakiti za spoku, gololi, cheni, pedali na kota pini (pini inayoshikilia mkono wa pedali) anamaliza kazi papo hapo na kuuza vitu vitatu kwa mteja mmoja. Kikundi kikinunua kwa dazeni kutoka Mwanza au Kariakoo, badala ya kuokoteza kimoja kimoja, tofauti ya bei hiyo ndiyo inayolipa rejesho. Kwa hiyo mkopo uingie hapo, na kwenye vifaa vya kazi: spana kamili, pampu ya kusimama, kifaa cha kukatia cheni, stendi ya kunyanyulia baiskeli.

Kinachonisumbua zaidi ni jedwali la marejesho. Maandiko mengi ninayoletewa yana safu 12 za miezi, na kila safu ina kiasi kilekile. Mwaka wa fundi baiskeli wa Shinyanga au Simiyu hauko hivyo. Msimu wa kununua pamba ukishafunguliwa, kwa kawaida Mei au Juni, pesa inaingia vijijini na watu wanatengeneza kila kilichoharibika mwaka mzima, wengine wanabadilisha hadi rimu. Januari na Februari pesa yote imekwenda kwenye ada, sare na chakula. Mteja wa miezi hiyo anataka kiraka juu ya kiraka, na hata hicho anaomba alipe mwisho wa wiki. Kikundi kilichoahidi rejesho sawa kila mwezi kinaanza kuonekana mdaiwa sugu mwezi wa pili wa mwaka, wakati biashara yao haina tatizo lolote.

Ushauri wangu ni kwamba makadirio ya mauzo yaandikwe mwezi kwa mwezi, yakipanda na kushuka kama hali ilivyo, halafu muombe ratiba na muda wa matazamio (kipindi cha mwanzo kabla ya kuanza kurejesha) vinavyoendana nayo. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaijua pamba kama mnavyoijua ninyi, kwa hiyo mwambieni mapema aielezee kamati. Ikishindikana, kubalianeni kwa maandishi kwamba sehemu ya mauzo ya Juni hadi Agosti inakaa kwenye akaunti ya kikundi na mpaka Machi haiguswi ila kwa kulipa rejesho.

Mafunzo ni habari nyingine kabisa. Kijana anayejifunza hana faida ya fedha miezi ya mwanzo. Anakaza nati mpaka uzi unakatika, anagonga kota pini vibaya inapinda ndani ya krenki, na fundi mkuu anatumia nusu saa kurekebisha kazi ya dakika tano. Gharama hiyo ni halali, kwa sababu ndivyo fundi anavyopatikana, lakini hairudishi rejesho. Vivyo hivyo baiskeli ya mwanafunzi anayetembea kilomita nyingi kwenda sekondari ya kata. Kuitengeneza bure ni huduma ya umma, na huduma ya umma itafutiwe fedha ya umma isiyodaiwa.

Fedha hiyo ipo, ingawa kidogo na kwa kugombea. Mlango wa kwanza ni mpango wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, ambapo kijiji au mtaa unaibua vipaumbele vyake, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata na kuingia bajeti ya halmashauri. Mafundi wengi hawaendi mikutano hii, wanaona ni ya kujadili madarasa na zahanati. Mlango wa pili ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009, ambao husaidia miradi iliyoanzishwa na wananchi. Mkishajenga nguzo na kusawazisha sakafu kwa nguvu zenu, bati za banda ni ombi linaloeleweka. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, nayo ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, hivyo fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaweza kupimwa na kupewa cheti. Kikundi chenye fundi mwenye cheti kinaombea mafunzo kwa hoja yenye uzito.

Na eneo je? Halmashauri inaweza isiwe na shilingi ya kuwapa, lakini ina viwanja, masoko na stendi. Kibali cha maandishi cha kukaa mahali pamoja kwa miaka kadhaa kina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu hakuna kikundi kitakachojaza vipuri kwenye kibanda kinachoweza kubomolewa wiki ijayo.

Lakini ningeulizwa nichague msaada mmoja tu wa halmashauri kwa karakana, nisingechagua mkopo wala bati. Ningechagua kazi. Sheria ya ununuzi wa umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri na wadau wake wana baiskeli za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wana viti mwendo na baiskeli za magurudumu matatu walizogawa kwa watu wenye ulemavu. Nyingi zimelala kwa sababu ya tairi, cheni au gololi. Kikundi cha watu wenye ulemavu kinachotengeneza vyombo hivyo kinaweza kukopa kwenye ile asilimia 2, kisha kikalipwa na halmashauri hiyohiyo kwa kazi. Zabuni siku hizi zinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni, kwa hiyo lazima kikundi kisajiliwe humo kama kundi maalumu. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii na kitengo cha ununuzi, mkiwa na cheti cha usajili, namba ya mlipakodi na akaunti ya benki.

Wenzetu Ufaransa walifanya jambo la aina hii kwa ngazi ya taifa mwaka 2020. Serikali ilimlipia mwananchi hadi euro 50 za kutengeneza baiskeli yake kwa fundi aliyesajiliwa kwenye mpango huo, na zaidi ya baiskeli milioni moja zikatengenezwa. Fundi hakupewa mkopo wala ruzuku mkononi, aliletewa wateja. Halmashauri zetu hazina uwezo wa kiasi hicho, ila mkataba wa matengenezo wa baiskeli 50 za wahudumu wa afya hauhitaji hazina ya Ufaransa.

Kwa wanaotaka kujaribu mwaka huu, angalieni kalenda. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza Julai 1, na mabaraza ya madiwani hupitisha bajeti miezi ya mwanzo wa mwaka. Kipaumbele cha mtaa kinachotaka kuingia humo lazima kiwe kwenye muhtasari wa mkutano kabla ya Desemba kwisha, kikiwa kimesainiwa na mwenyekiti na mtendaji. Ombi la mafunzo na la banda lipitie huko. Andiko la mkopo libaki na vipuri na vifaa peke yake, na orodha ya bei kutoka kwa muuzaji wa jumla ibandikwe nyuma yake.